Stablaiza ya mbele katika Chevrolet Corvair ya 1961: uchambuzi wa kisa kimoja

Gari lililoletwa gereji lilikuwa Chevrolet Corvair ya mwaka 1961, yenye milango minne, na kwenye kiti chake cha nyuma lilikuja boksi refu lenye stablaiza ya mbele (chuma cha kupunguza gari kulala kwenye kona) ya unene wa milimita 25, ambayo mwenye gari alikuwa ameshaichagua na kuinunua kabla ya kumuuliza fundi yeyote. Malalamiko yake yalieleweka. Kila alipoingia kwenye kona kwa mwendo wa wastani kisha akaachia mafuta, mkia wa gari ulitaka kutangulia pua, na mara mbili alilazimika kuugeuza usukani upande wa pili ili gari lisizunguke. Alikuwa amesoma kwamba dawa ya Corvair za mwanzo ni stablaiza ya mbele, akahitimisha kwamba stablaiza nene ndiyo dawa kali zaidi. Nusu ya kwanza ya hoja yake ilikuwa sahihi, na nusu ya pili ingeweza kumletea gari baya kuliko lile alilokuwa nalo.

Corvair iliingia sokoni nchini Marekani mwishoni mwa 1959 kama modeli ya 1960. Injini yake ya silinda sita za kulala, inayopozwa kwa hewa, imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na kwa sababu hiyo takriban asilimia 62 ya uzito wa gari hubebwa na magurudumu ya nyuma. Magari yaliyoundwa hadi modeli ya 1964 yana ekseli za nyuma za kubembea: kila nusu ya ekseli ina kiungo kimoja tu, karibu na difu, na gurudumu limefungwa imara kwenye ncha ya nje. Gurudumu likishuka kutoka kwenye bodi, sehemu yake ya chini hujikunja ndani na ya juu hutanuka nje. Katika kona kali, tairi la nje hushikilia barabara na nusu ya ekseli huisukuma bodi juu, kama mtu anayejiinua kwa mkongojo, na kadiri bodi inavyopanda ndivyo gurudumu linavyozidi kujikunja na kupoteza mshiko. Dereva akiachia mafuta hapo, uzito unahamia mbele, nyuma inanyanyuka, na jambo linakamilika kabla hajapata nafasi ya kulitafakari.

Historia ya kiwanda chenyewe inafundisha. Modeli za 1960 na 1961 ziliuzwa bila stablaiza ya mbele. Mwaka 1962 mnunuzi aliweza kuipata kama kifaa cha hiari. Mwaka 1964 ikawekwa kwenye kila gari, pamoja na springi ya jani iliyolazwa mkingamo nyuma. Na modeli ya 1965 ikapewa mfumo mpya kabisa wa ekseli ya nyuma. Ralph Nader, mtetezi wa haki za walaji, alilishambulia gari hili hadharani mwaka 1965, na mwaka 1972 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikatoa ripoti iliyosema kwamba modeli za 1960 hadi 1963 hazikuwa na hatari isiyo ya kawaida ya kumshinda dereva zikilinganishwa na magari ya wakati wake. Ubishi huo haujaisha na sina haja ya kuuingia. Kinachomhusu fundi ni mpangilio wa marekebisho ya mwaka 1964: wahandisi waliongeza ugumu wa mbele, na wakati huohuo wakalegeza springi za koili za nyuma, kwa kuwa springi ya jani ilibeba sehemu ya uzito bila kulizuia gari kulala kwenye kona. Kazi ya kuzuia kulala ilihamishwa kutoka nyuma kwenda mbele, na hilo ndilo lengo lote.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Stablaiza ni springi ya kusokotwa inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, chuma huzunguka ndani ya bushi zake bila kufanya kazi yoyote. Moja likipanda na jingine likishuka, chuma husokotwa na kupinga. Gari hupungua kulala, na abiria huona kwamba limetulia. Hata hivyo, stablaiza haiongezi mshiko wa tairi la mbele. Kwa kawaida inaupunguza. Jumla ya uzito unaohama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje hutegemea uzito wa gari, kimo cha kitovu chake cha uzito, upana kati ya magurudumu na ukali wa kona. Stablaiza haiwezi kuipunguza jumla hiyo. Inachoamua ni mgawanyo: kiasi gani kihame kupitia ekseli ya mbele, na kiasi gani kupitia ya nyuma. Na kwa kuwa mshiko wa tairi hauongezeki sawia na mzigo, jozi ya tairi iliyobebeshwa tofauti kubwa zaidi kati ya ndani na nje hushika kidogo kuliko jozi iliyobebeshwa kwa usawa. Tukifunga stablaiza mbele, tunaifanya pua isalimu amri mapema kidogo ili mkia ubaki na akiba. Kwa gari lenye injini nyuma, huo ni ubadilishanaji wa busara, mradi tujue tunauza nini.

Nililipima gari kwenye mizani nne, dereva akiwa kitini. Lilikuwa na kilo 1,150, na kati ya hizo kilo 437 zilikuwa mbele, yaani wastani wa kilo 218 kwa kila gurudumu la mbele. Upana kati ya magurudumu ni mita 1.37, na kimo cha kitovu cha uzito nilikikadiria kuwa nusu mita. Katika kona yenye kani ya pembeni sawa na nusu ya uzito wa gari, uzito unaohama ni kama kilo 210. Kwa kupima ugumu wa springi nilikadiria kwamba gari lilivyokuja, mbele palichukua kama asilimia 40 ya hizo. Stablaiza ya milimita 19 ingepandisha fungu hilo hadi karibu asilimia 60. Sasa, ugumu wa chuma kinachosokotwa huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene wake, kwa hiyo chuma cha milimita 25 ni kigumu mara tatu ya kile cha 19 chenye umbo lilelile, ingawa kwa macho tofauti yao ni ndogo. Kile cha 25 kingepeleka fungu la mbele hadi asilimia 76. Gurudumu la ndani la mbele lingebaki na kilo 58 tu, huku la nje likibeba 378, zaidi ya mara sita. Kwa chuma cha 19, la ndani lingebaki na kilo 92. Gari lenye pua nzito linaweza kustahimili stablaiza nene kwa sababu lina uzito wa kutosha wa kuchezea, Corvair haina. Gurudumu la ndani lililobaki na mzigo mdogo namna ile hufungwa na breki kwa kuguswa kidogo, na kwenye lami mbovu huruka badala ya kufuata barabara. Haya ni makadirio, si vipimo vya maabara, lakini pengo kati ya chaguo hizo mbili ni kubwa kiasi kwamba kosa dogo kwenye kimo cha kitovu halibadilishi uamuzi.

Mwenye gari hakufurahi kuambiwa arudishe kifaa kipya kilichokuwa bado na mafuta ya kiwandani. Furaha yake ilipungua zaidi nilipomwambia kwamba, kabla ya kufunga stablaiza yoyote, tungeanza na pampu ya upepo.

Tairi zote nne zilikuwa na upepo wa PSI 28. Kitabu cha gari kinataka PSI 15 mbele na PSI 26 nyuma, tairi zikiwa baridi, na tairi zilizokuwa kwenye gari hili zilikuwa za muundo wa zamani, zenye nyuzi za mshazari, kwa hiyo takwimu hizo zilizihusu moja kwa moja. Tofauti hiyo si kosa la uchapaji. Tairi laini la mbele hujipinda zaidi linapovutwa pembeni, hivyo gari huhitaji usukani mwingi zaidi na pua huwa nzito kugeuka, jambo ambalo mhandisi alilitegemea ili kulinda mkia. Mtu anayejaza tairi zote sawa, kwa nia njema kabisa, huwa ameondoa kinga pekee ambayo modeli ya 1961 ilipewa. Tulirudisha upepo kwenye takwimu zake, tukabadilisha shokapu mbili za nyuma zilizokuwa zikivuja, na kujaribu gari tena bila kugusa kitu kingine. Mkia bado ulitoka, lakini ulitoka polepole na kwa onyo. Iwapo tungefunga stablaiza siku ileile, sifa yote ingeenda kwa stablaiza, na siku moja mtu mwingine angejaza upepo PSI 28 mbele na kushangaa kwa nini dawa imeisha nguvu.

Ufungaji wa chuma cha milimita 19 ulichukua muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sababu kubwa ni kwamba Corvair haina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, na mihimili yake ya mbele ni maboksi ya bati. Ukitoboa tundu kwenye boksi la bati na kukaza bolti kwa nguvu inayotakiwa, boksi hubonyea, bolti hulegea, na baada ya muda ufa huanzia kwenye ukingo wa tundu. Kila bolti ya kishikio cha stablaiza niliipitishia ndani ya bomba fupi la chuma lililofika kutoka ukuta mmoja wa boksi hadi mwingine, ili nguvu ya kukaza ibebwe na bomba, na upande wa pili niliweka bamba la milimita 4 la kusambaza mzigo. Kingo za matundu zililainishwa kwa tupa, kisha zikapakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga. Kazi hii haionekani gari likishuka kutoka kwenye jeki, na pengine ndiyo sababu hurukwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa mahali pa kufungia linki, kiungo kifupi kinachounganisha ncha ya stablaiza na mkono wa chini wa gurudumu, kwenye mkono huo. Umbali huo una uzito karibu sawa na unene wa chuma. Linki ikifungwa kwenye asilimia 60 ya urefu wa mkono kutoka kwenye egemeo lake la ndani, gurudumu huhisi asilimia 36 tu ya ugumu wa stablaiza, kwa kuwa uwiano huhesabiwa kwa kipeo cha pili: mara moja kwa nguvu, mara moja kwa mwendo. Ukisogeza linki hadi asilimia 75, gurudumu huhisi asilimia 56, ongezeko la zaidi ya nusu bila kubadilisha chuma. Makadirio yangu ya awali yalikuwa yamechukua nafasi ya kati, kama asilimia 68, na huko ndiko nilikokusudia kufunga, ila hapo palikuwa karibu mno na ukingo wa mkono kuruhusu kutobolewa. Nilitengeneza kishikio cha bamba kinachoukumbatia mkono, kikashikwa na bolti mbili zilizopita katikati ya upana wake, ambapo mkono haubebi mvuto mkubwa kama kwenye kingo.

Kabla ya kukaza chochote niliondoa springi za mbele na kuupandisha na kuushusha mkono kwa jeki, kutoka mwisho wa chini hadi mwisho wa juu, usukani ukiwa katikati, kisha umekatwa kabisa kushoto, kisha kulia. Watu hupima nafasi gari likiwa limesimama kwenye sakafu na kuridhika. Katika kisa hiki kila kitu kilikuwa na nafasi ya kutosha isipokuwa katika hali moja, gurudumu la kulia likiwa limening'inia na usukani umekatwa hadi mwisho, ambapo ncha ya stablaiza ilifika milimita 4 kutoka kwenye mpira wa breki. Kwenye barabara hali hiyo ingetokea mara chache, na mpira ungechukua miezi kulika. Nilihamisha kishikio cha mpira huo hadi pakapatikana milimita 12.

Bushi za kishikio nilichagua za mpira, ingawa boksi la mwanzo lilikuja na za plastiki ngumu. Bushi ngumu hupokea mzunguko wa kwanza wa stablaiza bila kuchelewa, na kwa gari la mashindano ni chaguo sahihi. Lakini zinahitaji grisi yake maalumu, hulia zikikauka, na hupeleka kila kishindo kwenye bati. Ya mpira husamehe, na gari hili lilihitaji kusamehewa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilikaza linki zote gari likiwa bado juu ya stendi, magurudumu yakining'inia, kwa sababu ilikuwa rahisi kufika. Tulipolijaribu, gari liligeuka kulia kwa wepesi na kushoto kwa uzito, na lilipoachwa kwenye barabara iliyonyooka lilikuwa limeinama kidogo upande mmoja, tofauti ya milimita 9 kati ya matao ya mbele. Kwa saa nzima nilishuku springi, kisha alainmenti, kisha macho yangu. Chanzo kilikuwa linki ya kushoto, iliyokuwa ndefu kuliko ya kulia kwa milimita 6, pamoja na bushi zilizokazwa zikiwa zimejipinda, hivyo stablaiza ilikuwa imesokotwa hata gari likiwa limesimama. Stablaiza iliyosokotwa tangu mwanzo huongeza uzito kwenye gurudumu moja la mbele na kuupunguza kwenye jingine, na kwa kuwa gari ni kitu kigumu, magurudumu ya nyuma nayo hubadilishiwa mizigo kwa mpangilio wa kinyume. Tulilishusha gari sakafuni, dereva akaketi, tukalibonyeza mbele mara kadhaa likae mahali pake, kisha tukarekebisha linki moja hadi bolti yake ikaingia kwa kusukumwa na vidole tu. Ndipo tukakaza. Uinamo uliisha palepale.

Jaribio lenyewe tulilifanya kwenye uwanja mpana wa lami, kwa kuzunguka duara la nusu kipenyo cha mita 30, ambapo mwendo wa kilomita 44 kwa saa hutoa kani ya pembeni ya nusu ya uzito. Usukani uliwekewa utepe juu ili tuone unahitaji kugeuzwa kiasi gani. Kabla ya stablaiza, upepo ukiwa sahihi, usukani ulihitaji kuongezwa kidogo mwendo ulipopanda, kisha karibu na kilomita 44 ukaanza kutaka kurudishwa, ishara ya wazi kwamba mkia unaanza kushinda. Baada ya stablaiza, usukani uliendelea kutaka kuongezwa hadi pua ilipoanza kuteleza nje taratibu, na tairi za mbele zikalia kabla ya za nyuma. Dereva alipoachia mafuta katikati ya duara, gari lilijikaza ndani kwa kiasi cha upana wa tairi moja na kutulia. Hapo awali lilikuwa limegeuka robo mzunguko. Bodi pia ilipungua kulala, jambo ambalo mwenye gari alilisifu kwanza, nami nililiona kuwa dogo kuliko yote.

Hasara zilikuwepo. Gurudumu moja la mbele likipita kwenye shimo, jingine sasa hushirikishwa habari hiyo, na usukani hutikisika pale ambapo zamani haukutikisika. Kwa mwendo wa polepole kwenye kona za kubana, gari huhisi zito puani. Mwenye gari alilalamikia hili siku ya kwanza na kuacha siku ya tatu. Sijui kama alizoea gari au alichoka kulalamika.

Nilimwandikia pia jambo ambalo stablaiza haikuligusa. Ekseli za kubembea zimebaki vilevile. Stablaiza imepunguza mzigo wa tairi la nje la nyuma na hivyo kuchelewesha kule kujiinua, lakini kwa dereva anayeingia kwenye kona kwa mwendo mkubwa mno, mpaka upo, umesogezwa mbele tu. Suluhisho linalofuata ni springi ya jani ya mkingamo kama ile ya 1964, ambayo huzuia magurudumu ya nyuma kushuka kupita kiasi, na ikifungwa sharti springi za koili za nyuma nazo zipimwe upya. Aliamua kuliacha kwa sasa, na kwa namna anavyoliendesha naona ni uamuzi unaotetewa. Kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta tuliandika takwimu za upepo kwa herufi kubwa, PSI 15 na PSI 26.

Gari lilirudi baada ya kilomita 800 kwa ukaguzi. Bolti mbili za kishikio zilikubali robo mzunguko zaidi, kingo za matundu hazikuwa na ufa, na mpira wa breki haukuwa na alama. Stablaiza yenyewe ilikuwa imeteleza milimita 8 kuelekea kushoto ndani ya bushi zake, kwa kuwa chuma nilichotumia hakikuwa na kituo chochote cha kukizuia, na linki ya kulia ilikuwa imeanza kukaa mshazari. Niliirudisha katikati, nikafunga pete mbili za kubana kwenye chuma, moja upande wa ndani wa kila bushi, na kuacha nafasi ya milimita 1 kati ya pete na bushi ili chuma kiendelee kuzunguka bila kusuguana.